Kiasi cha Hewa na Petroli

Wanafunzi wa elimu ya maadili wana swali moja la kale ambalo hawajaacha kubishana juu yake. Ikiwa kipimo cha jambo jema hubadilika kwa mahali, kwa umri na kwa kazi, je, chastahili bado kuitwa kipimo? Swali hili kwa desturi huulizwa katika vyumba vya mihadhara, na hujibiwa kwa mifano ya mahakimu, wafalme na askari. Si vibaya likiulizwa mara moja katika karakana, mbele ya motokaa kuukuu iliyofunuliwa boneti, maana huko jibu halitegemei ufasaha wa msemaji. Injini ama itawaka ama haitawaka. Na ikiwaka, itadumu ama itaungua.

Na ichukuliwe mfano wa mtu wa Matwebe, katika Wilaya ya Rungwe, mwenye Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960. Kazi yake ni kuchukua ndizi na watu kwenda Tukuyu. Wakati wa mavuno ya mpunga huteremka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Na mara chache, akipata mzigo, hupita Tukuyu akapanda njia ya Isongole mpaka Uyole na Mbeya. Kabureta yake imechakaa. Anataka nyingine, na anataka fundi aifunge na kuirekebisha hata gari livute vizuri na lisile mafuta. Kuvuta na kutokula: hayo ndiyo matakwa ya kila mwenye gari duniani, na ndiyo yanayomtia fundi katika majaribu, kwa kuwa matakwa hayo mawili hayakai nyumba moja kwa amani.

Kabureta ni chombo cha kuchanganya. Pistoni ishukapo huvuta hewa, na hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta. Mahali pembamba hewa hukimbia zaidi, na mkandamizo wake hupungua. Kwa sababu hiyo petroli iliyo katika kibakuli cha pembeni, ambacho boya lake hulinda kimo cha mafuta, huvutwa kupitia kipande cha shaba chenye tundu dogo, mafundi hukiita jeti, ikatoka kooni kama ukungu. Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya namna hii ya kunyunyiza huko Ujerumani mwaka 1893, na mwaka huohuo Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria wakafanya ya kwao. Tangu hapo vifaa vimeongezwa vingi, lakini shabaha haikubadilika: kilo moja ya petroli ipate hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote pasipo kubakiza kitu. Kwa ujazo ni jambo la kustaajabisha, kwani lita moja ya petroli humeza kama lita 9,000 za hewa ya pwani. Mwenye gari hulipia lita ile moja tu, na kwa hiyo huifikiria hiyo peke yake. Zile 9,000 hazina bei, wala hazina mtu wa kuzisemea.

Injini ina uvumilivu kidogo. Ikipewa hewa kilo 12 au 13 kwa kilo ya petroli huvuta kwa nguvu yake yote. Ikipewa 15 au 16 hubana matumizi, lakini huwa nyonge na yenye joto. Nje ya mipaka hiyo hulalamika, kisha hukataa. Petroli ikizidi ndipo waswahili wasemapo maji yamezidi unga.

Sasa hewa yenyewe si moja kila mahali. Tukuyu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na huko uzito wa hewa katika ujazo mmoja ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Ziwa Nyasa liko penye mita 475 hivi. Hewa yake ni asilimia 95. Njia ya Isongole hupita juu ya mita 2,000, na hewa hushuka ikakaribia asilimia 80. Kabureta haina habari ya mambo haya. Yenyewe hupima kwa mwendo wa hewa na kwa upana wa tundu, na tundu halipungui kwa kuwa gari limepanda mlima. Hewa ikiwa nyepesi petroli haipungui kwa kadiri ileile, kwa hiyo mchanganyiko huzidi utajiri. Ukokotoaji wake si mgumu kwa mwenye kukumbuka hesabu za shule: uwiano hubadilika kama kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Gari lililorekebishwa sawasawa Dar es Salaam, likifika Tukuyu, hubeba petroli iliyozidi kwa asilimia 8 hivi. Gari lililorekebishwa Kyela, likifika kileleni Isongole, huzidi kwa asilimia 7 au 8. Na lile lililorekebishwa kileleni, likiteremka Kyela, hupungukiwa kwa kiasi kama hicho.

Basi fundi wa Kyela aliyeweka kiasi cha haki, amekosea Isongole. Wala hakugusa skrubu hata moja.

Kabla ya kuliendea swali hilo, kuna jambo la kuchagua kabureta yenyewe, ambalo lina maadili yake. Land Rover ya mfano huu ina injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286 za mchemraba, injini iliyoanza kufungwa mwaka 1958 na kuendelea, kwa mabadiliko, mpaka miaka ya 1980. Kiwandani ilipewa kwanza kabureta ya Solex, baadaye ya Zenith. Zenith ina ugonjwa unaojulikana, kwamba kifuniko chake hupinda kwa joto, hewa na petroli zikapita pasipo njia. Na wengi hufunga badala yake Weber ya koo moja, iliyo sahili zaidi, ingawa nguvu hupungua kidogo. Hayo ni machaguo ya heshima. Lakini kuna chaguo la tatu, nalo ndilo humpendeza kijana: kutafuta kabureta kubwa kutoka katika injini kubwa, kwa imani kwamba koo pana litaleta nguvu nyingi.

Imani hiyo ina sehemu ya ukweli, na kwa hiyo ni ya hatari. Koo pana hupitisha hewa nyingi injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Lakini gari la ndizi la Rungwe halizunguki kwa kasi kubwa. Hupanda matope ya masika kwa gia ya pili, taratibu, limejaa. Katika mwendo huo hewa kooni hutembea polepole, uvutaji huwa dhaifu, petroli hutoka kwa matone wala si kwa ukungu, na dereva akikanyaga mafuta injini hukwama kama mtu aliyepaliwa. Kitu kilichotafutwa ili kiongeze nguvu kimeiondoa palepale ilipohitajiwa. Injini huvuta kadiri ya mapafu yake. Kupanua koo si kupanua mapafu.

Jambo jingine la uchaguzi ni jeti. Jeti za Weber huandikwa namba kwa sehemu za mia za milimita, hata 135 maana yake ni tundu la milimita 1.35. Fundi mwenye subira aliye katika nchi ya juu hushuka namba moja au mbili, akajaribu. Asiye na subira, au asiye na jeti nyingine, huchukua waya au sindano akasukuma tunduni, aidha kwa kuzibua uchafu aidha kwa kuongeza mafuta. Hapo hupaswa kujua anachofanya. Tundu likipanuka kutoka milimita 1.30 kufika 1.40, ongezeko ambalo ni kama unene wa karatasi moja, eneo lake huongezeka kwa asilimia 16. Shaba iliyotoka hairudi. Na namba iliyochongwa ubavuni inabaki ileile 130, ikimdanganya kila fundi atakayekuja baadaye. Katika makosa yote ya karakana hili ndilo lililo karibu zaidi na uongo, maana limeacha shahidi wa maandishi anayesema kinyume cha hali ilivyo.

Umri wa injini nao una haki yake. Vitabu vya kiwanda viliandikwa kwa injini mpya, yenye pete zinazobana na valvu zinazokaa vizuri vitini. Injini iliyofanya kazi miaka 50 imelegea. Huvuta kwa unyonge, na mhimili wa kilango cha kabureta, ukiwa umelika, huingiza hewa ya wizi ambayo haikupita kooni. Isitoshe, petroli yenyewe si ile. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikwisha kuacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, kwa manufaa makubwa ya afya za watoto. Lakini viti vya valvu vya injini nyingi za kale vilitegemea risasi ile kama kilainisho, na injini kama hizo huumia upesi zikitiwa joto kupita kiasi. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya Wanyakyusa, alieleza desturi yao ya zamani ya kukaa vijiji kwa rika, wazee na wazee, vijana na vijana. Desturi hiyo ingewafaa mafundi. Injini ya 1965 ihukumiwe kati ya rika lake, kwa uwezo ilio nao leo, na kitabu kiwe ukumbusho wa jinsi ilivyokuwa ujanani.

Kwa sababu ya umri huohuo, kabureta husingiziwa mengi. Gari likikosa nguvu mkono wa fundi huenda kwanza kwenye skrubu ya kabureta, kwa kuwa iko juu, yaonekana, na yageuzika kwa bisibisi. Huenda kosa liko katika plagi zilizochoka, au katika majira ya cheche ambayo mafundi huyaita taimingi, au katika valvu zisizo na nafasi yake, au katika kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Fundi akiyaacha hayo akageuza skrubu, aweza hata kufaulu: injini itatulia kidogo, kwa kuwa kosa moja limefunikwa kwa kosa jingine. Utaratibu wa haki ni kuyachunguza yote hayo kwanza. Kisha kuiacha injini ipate joto lake la kazi. Kisha kuweka mwendo wa kutulia. Ndipo skrubu ya mchanganyiko iingizwe polepole mpaka injini iyumbe, itolewe mpaka izunguke kwa wepesi na ulaini, na mwendo wa kutulia urekebishwe tena. Baadaye gari lipelekwe njiani, lipande mlima likiwa na mzigo, na plagi zifunguliwe. Plagi nyeusi yenye masizi yasema petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa yasema imepungua. Yenye rangi ya chai ya maziwa yasema kiasi kimepatikana. Katika wilaya ya mashamba ya chai si lazima rangi hiyo ielezwe zaidi.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Aristotle alifundisha kwamba wema ni wastani, lakini si wastani wa hesabu. Chakula kinachomtosha anayeanza mazoezi hakimtoshi Milo, mpiga mieleka mashuhuri. Wengi waliosoma hayo wamefurahi upesi, wakasema: kumbe kila mtu ana kipimo chake. Na maneno hayo husikika katika karakana pia, kwa kawaida kutoka kwa fundi aliyefanya kazi mbovu: "Kila gari lina tabia yake, mzee wangu, hili ndivyo lilivyo." Asemalo ni kweli, naye alitumia kama pazia.

Kwani kipimo kubadilika ni jambo moja, na kipimo kuchaguliwa na apimaye ni jambo jingine. Kiasi cha Tukuyu si kiasi cha Kyela, lakini hakuna fundi wa Tukuyu aliyekitunga kiasi cha Tukuyu. Kimewekwa na uzito wa hewa, na upana wa koo, na hali ya pete na valvu. Na plagi itatoa ushahidi bila kumwangalia mtu usoni. Kipimo kimoja kwa nchi nzima kingekuwa kazi nyepesi, maana kingesomwa kitabuni mara moja. Kipimo cha mahali kina masharti magumu zaidi: humlazimu mtu kuuliza, kusikiliza, kujaribu na kufungua tena alichokwisha kufunga. Ajabu ni kwamba hutajwa zaidi na wavivu. Mwalimu asemaye kwamba watoto wa mahali fulani hawawezi zaidi ya hayo kwa sababu ya mazingira yao, naye hajapata kuwapima, yuko katika kundi la fundi yule.

Lakini shauri halijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo ngumu. Gari la Matwebe halikai mahali pamoja. Hulala huku, hushuka kule, hupanda kwingine, na kabureta yake ina jeti moja. Kiasi cha haki kwa safari zote hakipo. Kosa ni lazima, na kazi ya fundi ni kuchagua lipi litendeke.

Na makosa yenyewe hayafanani tabia. Petroli ikizidi, kosa hujitangaza: moshi mweusi, harufu, plagi chafu, pesa nyingi kituoni. Likiachwa muda mrefu, petroli isiyoungua huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, na injini huchakaa. Lakini limekwisha kupiga kelele muda wote huo. Petroli ikipungua kosa hunyamaza. Mwenye gari hufurahi kwamba anakwenda mbali kwa lita moja, humsifu fundi kwa majirani, na wakati huo valvu za moshi zinachemka. Siku moja, gari likirudi kutoka Kyela na magunia ya mchele na abiria juu yake, valvu huungua mlimani, na nguvu huisha katika kona ambako hakuna mtu apendaye kusimama. Kosa la kwanza lina adui katika mfuko wa mteja. La pili lina rafiki humo.

Ndiyo maana fundi mwema huliuliza gari kwanza linakolala na linakokwenda, kabla ya kushika bisibisi. Akijua kwamba hushuka Kyela mara kwa mara na mizigo mizito, atachagua jeti inayofaa chini, na kukubali kwamba huku juu gari litakula petroli kidogo zaidi ya haki yake. Petroli hununuliwa tena. Kichwa cha injini iliyokoma kutengenezwa, na watu walio nyuma ya gari, si vitu vya kupimwa pamoja nayo.

Uamuzi huo ni sawa, ila una upungufu mmoja: anayeufanya si yeye atakayeulipia. Fundi amechagua kosa, na mwenye gari atalilipa kidogo kidogo kila wiki, katika nchi ambako bei ya petroli haimpumzishi mtu. Kama hakuambiwa, ameamuliwa juu ya mali yake kama mtoto, hata kama uamuzi ulikuwa wa hekima. Kuna watakaosema kwamba mteja hajui habari za uzito wa hewa, na kumweleza ni kupoteza wakati. Hoja hiyo haina nguvu. Mtu aliyepanda na kushuka milima ya Rungwe maisha yake yote ajua, kwa pumzi yake mwenyewe, kwamba hewa ya Isongole si hewa ya ziwani. Kinachobaki ni kumwambia kwamba injini nayo yajua. Maelezo yote hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Kinachozuia ni kingine: fundi akisema wazi kwamba gari litakula mafuta zaidi, mteja aweza kwenda kwa fundi wa pili atakayemwahidi kuvuta na kutokula kwa pamoja, na kuionyesha ahadi yake uani kwa dakika 10. Ukweli katika kazi hii una hasara inayohesabika, na mwandishi yeyote wa maadili asiyeitaja hasara hiyo anawapa mafundi ushauri wa bure.

Magari mapya yamejiondolea shauri hili. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya Ulaya na Japani viliacha kabureta, vikaweka vifaa vya umeme vinavyopima hewa iingiayo na moshi utokao, na kujirekebisha vyenyewe kila kitambo. Gari la namna hiyo hupanda kutoka ziwani mpaka Isongole bila kosa, na bila mtu ndani yake kujua kwamba kipimo kimebadilika mara elfu njiani. Ni maendeleo mema. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda zinazopita njia hizo bado zina kabureta, na vijana wanaozirekebisha chini ya miti wako katika shauri lilelile la Land Rover, ila kwa jeti ndogo zaidi na kwa mteja mwenye haraka zaidi.

Mafundi wengine wana desturi, baada ya kubadili jeti, kuifunga ile ya zamani katika kipande cha karatasi na kumkabidhi mwenye gari pamoja na namba ya mpya iliyoandikwa kwa kalamu. Wengine huitupa katika kopo la vyuma chakavu, kwa kuwa haina bei. Gari likiuzwa kesho kwa mtu wa Dar es Salaam, mnunuzi aliyepokea karatasi ile ataona kwamba jeti iliyomo injinini iliwekwa kwa ajili ya nchi nyingine, na kwamba ile ya nchi yake anayo mkononi. Asiyeipokea ataanza safari ya kuteremka kwenda pwani, injini ikizidi kupata joto kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito, naye akiona mshale wa petroli hausogei akadhani amenunua gari jema.